Albion Online: nimetawanya nguvu kwa wiki tatu, nianzie wapi upya?

Mgeni_wa_Lymhurst

Wakuu, salaam.

Nimeanza kucheza Albion Online wiki tatu zilizopita kwa simu, katika sava ya Ulaya, kwa kuwa huku kwetu Morogoro ndiyo inayoitika haraka kuliko ile ya Marekani na ile ya Asia. Kabla ya hapo nilizoea michezo ambayo hadithi yenyewe humwongoza mchezaji: unapewa kazi, unaua mazimwi kumi, unapanda ngazi, kisha unahamia kijiji kinachofuata. Humu, mafunzo ya mwanzo yalipokwisha, nilijikuta nimesimama langoni mwa mji nikiwa na nguo za daraja la 3, na hakuna aliyeniambia niende upande gani.

Kwa hiyo nilifanya kila kitu. Nimejaribu upanga, fimbo ya moto, upinde na fimbo ya uponyaji ya kijani, na zote nimezifikisha daraja la 4 bila hata moja kufika la 5. Nimevuna miti, mawe, madini, nyuzi na ngozi, yaani malighafi zote tano, kila moja kidogo. Nimeunda mikoba michache ambayo niliiuza kwa bei ambayo hadi leo sijui kama ilinipa faida au hasara. Kila nikifungua ule ubao wa maendeleo uitwao Destiny Board, wenye matawi yaliyosambaa kama mizizi ya mbuyu, naona nimegusa matawi mengi na sikufika mbali katika lolote.

Juma lililopita nilikusanya silva zangu (fedha za humu) karibu zote nikanunua vifaa vya daraja la 6, vile tu nilivyoruhusiwa kuvaa, na vingine vya daraja la 5, nikaingia kanda nyekundu, ambako ukiuawa unapoteza vifaa, nikiamini kwamba nguvu ya vifaa itanilinda. Mtandao ulikatika kwa muda ambao hata chai isingepoa. Niliporudi nilikuwa mjini, sina kitu mwilini. Zimebaki silva laki mbili na ushei benki, pamoja na magogo ya daraja la 4 yapatayo mia tatu niliyoyakata mwenyewe.

Maswali yangu ni matatu. Kwanza, je, nichague kazi moja, na kama ni hivyo, ipi inamfaa mtu mwenye saa moja au moja na nusu kwa siku? Pili, nifanye nini na haya magogo: niyauze, niyachakate kuwa mbao, au niyatumie kuunda kitu? Tatu, Premium, ule uanachama wa kulipia, ina thamani kwa mtu wa kiwango changu, au nitakuwa nalipia mapambo?

Natanguliza shukrani.

---

Mvua_ya_Mishale

Karibu sana, ndugu, na pole kwa msiba wa vifaa. Karibu wote tuliomo humu tumewahi kurudi mjini bila kitu mwilini, tofauti ni thamani ya seti tu.

Nitajibu swali la kwanza kwa kirefu kwa sababu mengine yanatokana nalo. Katika mchezo huu mhusika hana ngazi wala taaluma ya kudumu. Wewe ni kile ulichovaa. Pointi za feimu unazopata ukiua mazimwi huingia kwenye vitu ulivyovivaa wakati huo, yaani silaha, kofia, vazi la mwili na viatu, kila kimoja katika tawi lake. Ukibadilisha silaha kila jioni, ni sawa na mwanafunzi anayehama shule kila muhula: anasoma kweli, lakini hafiki darasa la mtihani. Tatizo lako kwa hiyo si uvivu wala bahati mbaya. Umegawa feimu ile ile kwa silaha nne.

Chagua silaha moja na ukae nayo hadi daraja la 5 au la 6. Mimi ningekuambia ubaki na upinde, kwa kuwa unakuruhusu kupiga kwa mbali huku ukirudi nyuma, na kwenye skrini ya simu hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Tena familia ya pinde ina faida ambayo wageni wengi hawaioni: upinde wa kawaida, Warbow na Longbow hutumia orodha moja ya uwezo kwa vitufe viwili vya kwanza, na kila mmoja una uwezo wake wa pekee kwa kitufe cha tatu. Upinde wa kawaida hukupa Enchanted Quiver, inayofaa sana kusafisha makundi ya mazimwi mapangoni; Longbow hunyesha mishale juu ya eneo zima. Ukiwa umezoea mmoja, kuhamia mwingine si kuanza kutoka sifuri.

Vaa nao koti la ngozi liitwalo Mercenary Jacket, ambalo uwezo wake hukurudishia uhai kadiri unavyopiga. Kisha tafuta mapango ya mtu mmoja katika kanda za buluu na za njano. Humo ukiangushwa unapoteza uimara wa vifaa na unalipia matengenezo, lakini vifaa vyenyewe vinabaki kuwa vyako. Kanda nyekundu na nyeusi ni habari nyingine, kama ulivyojionea.

Sasa niseme jambo ambalo lingekuokolea zile silva zako. Ulinunua daraja la 6 kwa sababu namba ni kubwa, lakini kinachopimwa hasa ni nguvu ya kifaa. Kifaa cha daraja la 4 cha kawaida kina nguvu 700, cha daraja la 5 kina 800, cha daraja la 6 kina 900. Kila hatua ya urogo (uchawi unaotiwa kwenye kifaa, ile namba inayofuata nukta) huongeza 100 vilevile, kwa hiyo kifaa cha 4.1 kiko sawa na daraja la 5 tupu, na cha 4.2 kiko sawa na daraja la 6 tupu, ilhali kukivaa unahitaji kuwa umefungua daraja la 4 tu. Siku nyingine 4.2 huwa nafuu sokoni, siku nyingine huwa ghali. Angalia bei zote kabla ya kununua. Mimi huwa naangalia hata nikiwa na haraka.

Kanuni ninayoishi nayo ni kwamba siingii kanda ya kunyang'anywa nikiwa nimevaa kitu ambacho siwezi kukinunua mara tano kwa silva zangu zote. Kwa silva laki mbili zako, hiyo ina maana ya seti ya daraja la 4 ya silva elfu arobaini hivi au chini yake. Utaona ni kitu kidogo, lakini utapigana bila mikono kutetemeka, na mpigaji asiyetetemeka hujifunza zaidi katika vifo vitano vya bei rahisi kuliko katika kimoja cha laki nne.

Kuhusu Premium, inakuongezea feimu kwa asilimia 50, inakupa pointi za kujifunzia 20 kila siku (za kumalizia hatua za ubao), pointi za fokasi 10,000 kila siku (za kurudishiwa malighafi zaidi ukichakata), na inapunguza kodi ya soko kwa nusu. Si mapambo. Hata hivyo, mtu ambaye bado hajui atumie feimu yake wapi ataongezewa nusu ya mtawanyiko ule ule. Shika njia moja kwanza kwa mwezi mzima, kisha uamue.

---

Fundi_Mbao

Nakubaliana na Mvua kuhusu silaha, ila naona amepita haraka kwenye magogo, na magogo ndiyo mtaji pekee uliobaki kwa ndugu yetu.

Bara la kifalme lina miji mitano ya pembezoni, na kila mmoja una malighafi yake ambayo ukiichakatia pale unarudishiwa sehemu kubwa zaidi. Fort Sterling ni mbao, Lymhurst ni vitambaa, Bridgewatch ni mawe, Martlock ni ngozi, Thetford ni vyuma. Mgeni, jina lako linanionyesha unaishi Lymhurst, mji uliozungukwa na misitu. Ndiyo maana una magogo mengi, na ndiyo maana pia umo katika mji usiofaa kuyachakatia. Waliobuni mchezo huu walipanga hivyo makusudi: malighafi inapatikana upande mmoja, faida ya kuichakata iko upande mwingine, na katikati kuna safari. Hakuna kutuma mzigo kwa uchawi. Lazima mtu aubebe.

Nikupe hesabu kwa bei za mfano, usizichukue kuwa bei za leo. Kutengeneza mbao 100 za daraja la 4 kunahitaji magogo 200 ya daraja hilo pamoja na mbao 100 za daraja la 3. Tuseme gogo ni silva 60, ubao wa daraja la 3 ni silva 90, na ubao wa daraja la 4 unauzwa silva 200. Gharama ya malighafi ni 12,000 na 9,000, jumla 21,000. Mauzo ni 20,000. Ukitazama haraka haraka unasema ni hasara, na wageni wengi huishia hapo.

Lakini katika mji usio na upendeleo wa malighafi hiyo unarudishiwa kwa wastani asilimia 15.2 ya ulichoweka, na katika mji wenye upendeleo asilimia 36.7. Ukitumia fokasi kwenye mji wenye upendeleo inapanda hadi 53.9, ila fokasi inahitaji Premium, kwa hiyo tuiache. Ukichakatia Lymhurst, gharama halisi inashuka kutoka 21,000 hadi takriban 17,800. Ukichakatia Fort Sterling, inashuka hadi takriban 13,300. Sasa toa kwenye mauzo kodi ya asilimia 8 kwa asiye na Premium na ada ya asilimia 2.5 ya kuweka oda: unabaki na 17,900. Lymhurst umepata silva mia moja hivi, ambazo ada ya kutumia karakana itazimeza. Fort Sterling umepata zaidi ya 4,600 kabla ya ada hiyo. Magogo ni yale yale, muda wa kubonyeza ni ule ule.

Nunua ng'ombe wa mizigo hata wa daraja la 3, pakia magogo yako mia tatu, pita kanda za buluu na njano hadi Fort Sterling, na usiwe na haraka. Ng'ombe huyo anatembea kama ana kesi mahakamani, lakini anafika.

---

Bi_Daftari

Fundi, hesabu yako ni sahihi na nimeipitia mara mbili, lakini imeacha jambo moja ambalo ndilo huwafilisi wageni, nami naomba niliseme kabla Mgeni hajaanza safari.

Magogo uliyoyakata mwenyewe si ya bure. Nimeona watu wengi wakisema "mimi sina gharama, nilivuna mwenyewe", kisha wanatengeneza upinde ambao malighafi zake zingeuzwa kwa silva elfu kumi, wanauuza kwa elfu nane, na wanafurahia faida ya elfu nane. Thamani ya gogo ni ile ambayo ungelipwa sokoni leo ukiliuza lilivyo. Ukiliweka kwenye karakana umelinunua kutoka kwako mwenyewe kwa bei hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mchezo huu soko zima linaendeshwa na wachezaji wenzako, ambao baadhi yao wana madaftari mazito sana.

Ndiyo sababu siwashauri wanaoanza kuunda vifaa vya kuuza. Anayeshindana nawe kwenye karakana amefungua matawi ya juu kabisa, ana fokasi, na ameketi katika mji wenye upendeleo wa kitu anachounda. Anaweza kuuza chini ya gharama yako na bado akapata faida. Ile mikoba yako, Mgeni, naomba usinichukie, karibu hakika ilikuwa hasara. Kuchakata malighafi ni afadhali kwa kuwa ushindani wake hautegemei sana ubora wa kitu, lakini hata huko faida ya magogo mia tatu ni ndogo kuliko muda wa safari kwa mtu mwenye saa moja tu. Safari ya Fort Sterling ifanye mara moja ili ujifunze njia na ujionee tofauti kwa macho yako, lakini usiifanye kuwa kazi ya kila jioni hadi uwe na mzigo unaostahili.

Badala yake ningemshauri hivi. Sokoni kuna vitabu vitupu vya kumbukumbu, vile ambavyo wenye visiwa huwapa vibarua wao wakishavijaza. Kipo cha mkata miti, cha mchimba madini, cha mpiganaji na vinginevyo. Unanunua kitupu cha daraja linalolingana na unachovuna au unachopigana nacho, kinakaa mkobani, kinajaa chenyewe kadiri unavyopata feimu, kisha unakiuza kikiwa kimejaa kwa mtu ambaye hana muda wa kukijaza. Hukuongeza hata hatua moja, ila jioni yako imeingiza kipato cha pili. Angalia tu tofauti ya bei kati ya kitupu na kilichojaa, kisha toa kodi; kuna madaraja ambayo tofauti hiyo ni nono na mengine haitoshi hata ada.

Jambo la pili ni namna ya kuuza. Kuna kuuza papo hapo kwa mnunuzi aliyekwisha kuweka oda yake, na kuna kuweka oda yako ya kuuza na kusubiri. Anayeanza huuza papo hapo kwa sababu anataka silva sasa hivi, na kwa haraka hiyo humzawadia mnunuzi pengo lote la bei. Kwa malighafi zinazotembea sana, kama za daraja la 4, weka oda usiku, ulale, asubuhi utakuta zimeondoka. Utalipa ile asilimia 2.5, ndiyo, lakini mara nyingi pengo ni kubwa kuliko hapo. Usibadilishe bei kila baada ya dakika kumi, kwa sababu kurekebisha oda nako kuna ada.

Tahadhari nyingine kuhusu bei unazoziona kwenye video. Mchezo ulitoka Julai 2017, ukafanywa wa bure Aprili 2019, ukaja rasmi kwenye simu Juni 2021, na sava ya Ulaya ilifunguliwa Aprili 2024. Kila sava ina soko lake na wahusika wake. Mzee wa miaka mingi kwenye sava ya Marekani anayekuonyesha kwamba ngozi inalipa kuliko nyuzi anasema kweli ya kwake, ya wakati wake. Hata kodi imewahi kubadilishwa. Fungua soko lako, andika bei za siku tatu, kisha ndipo uamue.

Na mji wa Caerleon usiende sasa. Nakuambia mapema kwa kuwa utaisikia sana. Pale katikati kuna soko liitwalo Black Market, ambalo hununua vifaa vilivyoundwa na wachezaji, na vifaa hivyo ndivyo baadaye hupatikana kwa mazimwi na kwenye masanduku. Upanga unaoangushwa na zimwi uliundwa na mtu fulani aliyetoa jasho. Bei zake zinavutia, lakini mji wenyewe umezingirwa na kanda nyekundu pande zote, na watu wanaosubiri mizigo kwenye milango ya kanda hizo hawana kazi nyingine.

---

Fundi_Mbao

Bi Daftari, la gharama ya gogo nimelikubali, nilipaswa kulisema. Ndiyo maana kwenye hesabu yangu gogo lilikuwa na bei, ingawa sikueleza sababu.

Nabaki na msimamo kuhusu safari, hata hivyo. Mtu anayejua njia kati ya miji miwili na bei za miji yote miwili ana kitu ambacho wengi wa kiwango chake hawana. Lymhurst pia ina upendeleo wa kuunda pinde, hivyo mbao za Fort Sterling zinaporudi Lymhurst zina wanunuzi wanaozisubiri. Mzigo ukienda magogo na ukarudi mbao, ng'ombe hatembei mtupu hata upande mmoja.

---

Kobe_wa_Pwani

Nami nichangie kidogo upande wa usalama, kwa sababu Mgeni anacheza kwa simu na mtandao wake unakatika, kama wangu huku Tanga.

Ukipotea mtandaoni nje ya mji, mhusika wako hatoweki papo hapo. Anabaki amesimama pale kwa muda, na kwenye kanda ya kunyang'anywa muda huo unatosha kabisa. Kwa hiyo chagua mahali kulingana na hali ya mtandao wa siku hiyo. Mtandao ukiwa wa kusuasua, vuna katika kanda ya buluu au panga oda zako sokoni, hakuna aibu. Ukiwa mzuri na betri ikiwa imejaa, ndipo uende nyekundu. Huko tazama ile namba ya wachezaji wenye uhasama inayoonyeshwa karibu na ramani ndogo. Ikiwa sifuri unavuna, ikipanda unapanda farasi na kuanza kusogea kuelekea mlangoni, bila kusubiri kumwona mtu mwenyewe. Katika kanda nyeusi namba hiyo haipo, na hiyo pekee ni sababu ya kutosha kuziacha kwa sasa.

Chama cha wachezaji kitakusaidia, ila kabla ya kujiunga uliza wanakata asilimia ngapi ya silva unazookota. Na yeyote atakayekuambia ubebe vifaa vyako vyote vya benki umfuate kanda nyeusi "ukahamie kwetu", mwambie utafuata ukiwa umevaa daraja la 3. Akikataa, umeshajua alikuwa anataka nini.

---

Mgeni_wa_Lymhurst

Wakuu, nimerudi baada ya siku sita na nimeona ni haki nilete mrejesho.

Nimeshika upinde peke yake, na koti lile la ngozi, seti nzima ya daraja la 4 na upinde wa 4.1, kwa gharama ya silva elfu thelathini na saba. Katika siku hizi sita nimefungua upinde wa daraja la 5, kitu ambacho kwa wiki tatu sikukifikia. Mapango ya kanda ya njano yalinitisha siku ya kwanza, sasa nayamaliza nikiwa na uhai wa nusu. Nimeangushwa na mchezaji mmoja mara moja. Nililipia matengenezo na nikaendelea, jambo lililonishangaza kuliko ushindi.

Magogo niliyagawa. Nusu niliyauza Lymhurst kwa oda ya usiku, na nusu niliyapeleka Fort Sterling kwa ng'ombe kama Fundi alivyoelekeza, ili nilinganishe. Bi Daftari alikuwa sahihi kwamba faida kwa muda ilikuwa ndogo, kwa kuwa safari ilinichukua karibu jioni nzima na nilipotea njia mara mbili. Fundi naye alikuwa sahihi kwamba mji una tofauti, maana nilichakata kumi Lymhurst kwanza kwa majaribio, na nilichorudishiwa hakikukaribia kile cha Fort Sterling. Kilichonifurahisha zaidi ni kitabu cha mpiganaji. Nimeuza vitatu vilivyojaa, na nilikuwa napigana hata hivyo.

Swali dogo lililobaki: sasa nina silva laki tatu na kidogo. Je, ninunue farasi wa daraja la 5 ili nikimbie vizuri nikijaribu tena kanda nyekundu, na je, nitumie pointi zangu chache za kujifunzia, nilizopata kwenye Premium ya majaribio, kufungua upinde wa daraja la 6 haraka?

---

Mvua_ya_Mishale

Hongera. Farasi wa daraja la 3 au la 4 anakutosha, kwa sababu ukifa kanda nyekundu farasi naye unampoteza pamoja na vifaa, na kanuni ya kununua mara tano inamhusu yeye pia. Kinachokuokoa huko ni kuondoka mapema, kama Kobe alivyosema, kuliko mbio za farasi.

Pointi za kujifunzia usizitumie kwenye upinde wa daraja la 6. Kila hatua ya ubao inakutaka uwe umekusanya walau asilimia 20 ya feimu yake kabla ya kuruhusiwa kulipia iliyobaki kwa pointi, na feimu ya mapigano katika madaraja ya chini huja haraka tu mapangoni. Zihifadhi kwa ajili ya hatua za juu za uvunaji au za karakana, ambazo zitakuchosha kweli. Ukishafika huko utakuwa umejua kama wewe ni mtu wa miti au la.

---

Bi_Daftari

Na vile vitabu, Mgeni, angalia bei ya kitupu kesho kabla hujanunua vingine. Tangu uandike hapa jana usiku, cha mpiganaji daraja la 4 kimeanza kupanda Lymhurst.